Pigo la Nne Limepotea

Wiki iliyopita nilikuacheni studio, fundi sauti amevua hedifoni, ameziweka mezani taratibu, amesema, "Mmoja wenu hajui kupiga wimbo huu." Najua mlinichukia. Mama mmoja alinisimamisha sokoni akiwa na kitunguu mkononi, akaniambia kumwacha mtu siku saba na maneno kama yale ni roho mbaya. Nikamwambia, mama, wewe uliachwa nayo ukiwa umekaa kwako. Mimi niliachwa nayo nikiwa nimeshika gitaa.

Maana nilijua ananisema mimi.

Mimi ndiye Kobe, mpiga besi. Katika bendi yoyote ya roki, mpiga besi ni mtu wa kwanza kulaumiwa na wa mwisho kupigwa picha. Nikainamisha kichwa, nikaanza kupanga maneno ya kuomba radhi.

"Si wewe, Kobe," akasema fundi sauti bila hata kunitazama. "Wewe unapiga vibaya siku zote, nimeshakuzoea. Nasema Siafu."

Siafu ndiye mpiga dramu wetu. Mwanamke mfupi, mwembamba, na jina hilo tulimpa kwa sababu ukimkanyaga utajuta. Vijiti vyake vikabaki hewani.

"Mimi," akasema.

"Wewe."

"Huu wimbo nimeupiga miezi kumi na moja."

"Basi umeukosea miezi kumi na moja."

Kwa aliyeufungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza nitasema kwa kifupi, wenyeji mnivumilie. Sisi Bendi ya Mvuke tulikuwa wafanyakazi wanne wa kiwanda cha kufulia, shuka na foronya za hospitali na mahoteli. Mimi nilisukuma toroli la nguo mbichi. Siafu alikunja shuka. Chiriku, mwimbaji wetu, alikaa mapokezi akigombana na wateja. Fundi Umeme, mpiga gitaa la solo, alitengeneza mashine, na amplifaya yetu ya kwanza aliiunda kwa redio mbovu tatu na ndoo.

Mazoezi tulifanya saa ya chakula cha mchana, palepale kiwandani, kwenye kona ya pasi za mvuke. Pale kelele zilikuwa nyingi mno kiasi kwamba hakuna aliyeweza kutuambia tunapiga kelele. Siku moja tukaweka redio kaseti juu ya rafu ya sabuni, tukarekodi wimbo wetu wa "Shuka Nyeupe". Kaseti ikafika redioni. Yaliyofuata mmeyasoma hapa wiki tisa mfululizo.

Na kilichoufanya wimbo ule uimbwe mpaka na watoto wa chekechea ni kitu kimoja, wote mnakijua. Pigo la nne. Dramu inapiga moja, mbili, tatu, halafu la nne linachelewa, kidogo tu, mpaka mtu anaanza kudhani leo halitakuja, ndipo linakuja. Magazeti yaliliita mtindo mpya. Meneja wetu akabandika picha ya Siafu kila ukuta wenye nafasi, na chini yake maandishi makubwa: Malkia wa Pigo la Nne.

"Sikilizeni," akasema fundi sauti.

Akaweka kaseti yetu ile ya kwenye rafu ya sabuni. Moja, mbili, tatu... nne. Kisha akaweka tuliyorekodi asubuhi hiyo. Moja, mbili, tatu, nne.

Hata mimi nilisikia. La nne lilifika kwa wakati, kama karani mwoga.

"Ni spika," akasema Chiriku.

Jibu hilo tulikuwa nalo mfukoni. Mwaka mzima, kila mji tuliopita, hakukosekana mtu wa kutuambia, jamani, kwenye redio mko watamu zaidi. Na kila mji tulilaumu spika. Watu walikuwa wanaimba kwa nguvu, wenyewe hatujisikii, basi spika zikabeba dhambi zetu zote.

"Si spika," akasema fundi sauti. Akageuza vitufe vyake, akakata sauti za juu, akapandisha za chini. Wimbo ukafifia. Kikabaki kishindo. Puu. Puu. Puu... puu. Na baada ya kila kishindo, pumzi ya mvuke.

Sauti ile ningeitambua hata nikiwa usingizini. Ilikuwa pasi kubwa ya mvuke, ile iliyokuwa nyuma ya kiti cha Siafu.

"Dramu inaifuata mashine," akasema fundi sauti. "Si mashine inayofuata dramu. Hilo pigo si lako, binti."

Nilimwona Siafu anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza, anafika nne, anaanza upya.

Mlangoni alikuwa amesimama Meneja, mtu mwenye simu mbili. Siku zote tulidhani hasikilizi tunachosema. Kumbe alikuwa anasikiliza vizuri tu.

"Sawa," akasema. "Kesho saa tisa alasiri tuko uwanjani, na redio iko hewani nchi nzima. Wimbo wa kwanza apige Siafu. Usipotoka kama wa kwenye kaseti, kuanzia wimbo wa pili kiti cha dramu atakaa mwingine. Nimeshampata, yule bwana wa bendi ya hotelini. Hilo pigo amelifanyia mazoezi miezi sita kwa saa ya ukutani."

"Ulimpata lini?" akauliza Siafu.

"Mwezi uliopita."

Akatoka, simu zote mbili zikiita.

Sijui niwaelezeje tulivyokuwa tumechoka siku hiyo. Nyinyi mnaona picha, mnaona taa. Mimi nawaambia umaarufu ni kazi ya kubeba vyombo. Unavipakia, unavishusha, unavipakia tena, katikati hapo unapiga saa moja, na mtu anakuuliza mbona hucheki. Chiriku alikuwa amefika mahali pa kuandika jina la mji kwenye kiganja ili asije akasalimia watu wa mji mwingine. Fundi Umeme alilala amesimama, kaegemea amplifaya. Siafu alikuwa na bega la kulia lililokataa kunyanyuka mpaka alipigie magoti.

Lakini kile kiti alikitaka. Hilo ndilo jambo la kuelewa. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, akalelewa na shangazi yake, dada wa baba yake, kwenye chumba kimoja. Nguo alivaa za kurithi, kitanda alilala cha kushirikiana, kazi alipata ya kuombewa. Kiti kile cha dramu, cha duara, ngozi imepasuka na kufungwa utepe mweusi, ndicho kitu cha kwanza maishani ambacho watu walisema ni cha Siafu. Nilimwona mara nyingi akikibeba mwenyewe kukipeleka kwenye gari. Vyombo vingine vyote alituachia sisi.

"Kama ni mashine, basi si tatizo," akasema Fundi Umeme. "Twende tukaisikilize. Nitajua imefungwa vipi, nitakuundia kitu kinachopiga hivyohivyo."

Tukaenda.

Kiwandani tulifika saa saba mchana, wengine wametoka kula. Harufu ya sabuni ikatupokea mlangoni. Na kwenye pasi kubwa, pale pale nilipomwacha, alikuwa amesimama Shangazi wa Siafu, mguu wa kulia juu ya pedali. Anatandaza foronya, anakanyaga, kifuniko kinashuka, puu, mvuke unatoka, anatoa, anaweka nyingine. Tangu tupate jina Siafu alimwomba aache kazi, naye alijibu kwamba akikaa nyumbani atamwaga maji mwenyewe na ayapige deki mwenyewe, basi bora huku.

"Shikamoo Shangazi," tukasema wote wanne.

Akatoa pamba masikioni, kwanza la kulia, kisha la kushoto. "Marahaba. Mbona mmekonda? Huko kwenye umaarufu hawapiki?"

"Wanapika, Shangazi," akasema Chiriku. "Wanakula wao."

Siafu alimweleza habari yote. Shangazi alisikiliza huku anakunja. Alipomaliza, akacheka kidogo. "Yaani hii pasi ndiyo imewapa sifa zote hizo. Na mimi nimeikanyaga miaka kumi na tisa, hata asante haijanipa."

"Ikanyage tuisikie," akasema Siafu.

Akalivuta pipa tupu la sabuni, akaligeuza juu chini, akakaa mbele yake amempa Shangazi mgongo, vilevile kama zamani. Shangazi akaanza. Puu. Puu. Puu. Puu. Siafu akafuata. Moja, mbili, tatu, nne.

"Tena," akasema.

Puu, puu, puu, puu. Sawasawa kabisa.

Fundi Umeme akafungua ubavu wa mashine, akaingiza mkono mpaka begani. Akagusa springi, akagusa bomba, akatoka na grisi mpaka kidevuni. "Hii haijabadilika hata skrubu. Nilizifunga mimi mwenyewe. Kama ilikuwa inachelewa, ingekuwa inachelewa mpaka leo."

Nikamsikia Chiriku anasema chini kwa chini kwamba bwana wa hotelini ni mtu mwema, ana gari lake mwenyewe. Nilimkanyaga.

Mimi si mtu wa akili nyingi, jina langu linajieleza. Lakini miaka sita nilimletea Shangazi toroli la foronya, na mtu anayesukuma toroli huwa anaangalia chini. Kando ya pasi lilikuwepo bomba la maji baridi, usawa wa kiuno, na juu ya lile bomba Shangazi alikuwa amefunga kitambaa cha kijani ili mkono usiteleze. Nikakiangalia kile kitambaa. Kilikuwa na vumbi.

"Shangazi," nikamwuliza, "siku hizi hushiki bomba?"

"Nilishikie nini, na mguu umepona?"

Alituona tumemkodolea macho. Kwa hiyo akaendelea kueleza, kama watu wazima wanavyoeleza maradhi yaliyopita, kwa raha kidogo. Mguu wa kulia ulikuwa wa kukanyaga. Wa kushoto ulikuwa wa kusimamia, na huo ndio uliokuwa na mishipa, imevimba kama kamba, unawaka tangu asubuhi. Foronya zilifungwa nne nne. Basi yeye alijipangia: moja, mbili, tatu, halafu kabla ya kumaliza fungu analishika bomba, anaunyanyua mguu mbovu, anavuta pumzi, ndipo anakanyaga ya nne.

"Mpaka mliponilipia yule daktari wa mishipa," akasema. "Miezi mitatu sasa nasimama kama msichana. Mungu awabariki na huo wimbo wenu."

Siafu alikuwa bado amekaa kwenye pipa. Akainuka taratibu.

"Shangazi, hujawahi kuusikia?"

"Nitausikia wapi, nina pamba masikioni. Nyumbani nikifika nalala."

Fundi Umeme alikuwa na kaseti, redio ndogo ya kuichezea na hedifoni ndani ya begi lake. Tukamvalisha. Alisikiliza amesimama, mikono imeshika foronya kifuani. Wimbo una dakika tatu na nusu. Sisi wanne tulisimama mbele yake kama wanafunzi wanaosubiri viboko, na mimi nawaambia ukweli, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada. Nilikuwa nimeucheza ule wimbo miji arobaini nikitabasamu.

Akavua hedifoni. Macho yalikuwa yamejaa.

"Hapa," akasema, akagusa goti la kushoto. "Hapa ndipo nilipokuwa nasema, Mungu wangu, hii moja tu, halafu nipumzike. Kila nikifika ya nne nilisema hivyo. Na nilikuwa nadanganya, maana baada ya hapo naanza fungu jingine." Akapangusa macho kwa foronya safi, akaitazama, akaitupa kwenye kapu la kurudia. "Na watu wanalicheza hilo?"

"Wanalicheza, Shangazi."

"Makubwa."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulikuwa tumelibeba lile kanda nchi nzima, tukishangiliwa kwa wepesi wake.

Aliyefungua mdomo kwanza alikuwa Chiriku, na ni kawaida yake. "Sasa, Shangazi, kwa heshima zote. Kesho tukikuweka nyuma ya jukwaa na hii pasi, Siafu akusikie. Halafu kwenye kiatu cha kushoto tuweke kokoto. Dogo tu."

Nilidhani Siafu atamrukia. Kabla hajafika, Shangazi alishainama kufungua kiatu.

"Lileteni," akasema. "Kama ni la wimbo mmoja, nitasimama nalo."

"Hapana," akasema Siafu.

"Mwanangu, nimesimama nao mguu wenyewe miaka kumi na tisa. Kokoto ni kitu gani?"

"Nimesema hapana."

"Utapoteza kiti."

"Najua."

"Unakitaka."

"Nakitaka kuliko kitu chochote," akasema Siafu. "Nakitaka, Shangazi. Lakini nikikaa kwa sababu wewe umesimama na jiwe kiatuni, nitakuwa nimekalia nini?"

Shangazi akafunga kiatu. Akarudisha pamba sikio moja, maana saa ya chakula ilikuwa inakwisha.

"Basi kesho nitakuja kukutazama," akasema. "Na mimi nina ombi. Sitaki zawadi wala sitaki kutajwa. Nataka kiti. Kiwe mbele, nikae tangu mwanzo mpaka mwisho, mtu asiniambie mama sogea. Nimechoka kusimama."

"Utakipata," akasema Siafu. "Naapa."

Jumamosi saa nane na nusu uwanja ulikuwa umejaa mpaka juu ya kuta. Jua kali, vumbi, na vipaza sauti vya redio vimefungwa kila kona ya jukwaa. Nyuma yetu waliweka bango refu kama nyumba ya ghorofa, Siafu anacheka, Malkia wa Pigo la Nne. Kando ya ngazi alikaa bwana wa bendi ya hotelini, suti ya kijivu, vijiti vyake ndani ya mkoba wa ngozi. Alitusalimia kwa adabu. Hiyo ndiyo iliyoniuma, kwamba alikuwa na adabu.

Shangazi akafika na gauni la kanisani na viatu vipya vyeupe. Siafu akamwendea Meneja.

"Nahitaji kiti kimoja mbele."

"Viti vya mbele ni vya wageni wa kampuni. Vimekwisha."

"Kimoja tu."

"Asimame pale kwenye kamba. Si wimbo mrefu."

Siafu alimtazama kwa utulivu ulionitisha. Kisha akapanda jukwaani, akaenda nyuma ya dramu, akakibeba kile kiti chake cha ngozi iliyopasuka, akakileta mbele kabisa, kando ya stendi ya kipaza sauti cha Chiriku. Akashuka, akamshika Shangazi mkono, akampandisha ngazi moja moja, akamkalisha. Watu wakashangilia. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

"Na wewe utakaa wapi?" nikamwuliza.

"Sitakaa."

Sijawahi kuona mtu akipiga dramu amesimama. Ufupi wake ukamsaidia, ngoma zilimfika kiunoni. Lakini ngoma kubwa inapigwa kwa mguu, kwa pedali. Ukiwa umekaa, kiti kinakubeba. Ukiwa umesimama, mguu mmoja unakanyaga na mwingine unakubeba mzima, wewe na miezi yako kumi na moja.

Chiriku akahesabu. Tukaanza.

Ubeti wa kwanza pigo lilikuwa sawasawa. Moja, mbili, tatu, nne. Nikamwona Meneja anamwonyesha bwana wa hotelini kidole, kwamba jiandae. Bwana akafungua mkoba wake.

Ubeti wa pili nikamsikia Siafu anahema nyuma yangu. Nikageuka. Mguu wa kushoto ulikuwa unatetemeka. Moja, mbili, tatu, akashika ukingo wa ngoma kwa mkono mmoja, akaulegeza ule mguu, akavuta pumzi. Nne.

Limechelewa. Kidogo tu.

Nikadhani bahati. Moja, mbili, tatu... nne. Moja, mbili, tatu... nne. Hakuwa anaiga. Alikuwa amechoka tu, na mwili ukajitafutia mahali pa kupumzikia, ukapakuta palepale alipopakuta Shangazi. Uwanja mzima ukanyanyuka. Niliona watu wazima wamefumba macho. Mimi mwenyewe vidole vikaanza kuujua wimbo kama ndiyo kwanza nafundishwa, na kwa mara ya kwanza katika miji arobaini sikukosea hata noti moja. Fundi sauti, chini kwenye mitambo yake, alivua hedifoni akausikiliza kwa masikio yake.

Shangazi alikaa wima, mikono mapajani. Kila la nne likija, goti lake la kushoto lilishtuka.

Tulipomaliza, kelele zilitaka kutuangusha. Meneja akapanda jukwaani mbio, anatabasamu kwa meno yote, akamwinamia Shangazi.

"Mama, inuka sasa. Mpiga dramu anayefuata anahitaji kiti."

"Umetoka kama wa kwenye kaseti," nikamwambia. "Ulisema mwenyewe."

"Umetoka mara moja. Mkataba wa bwana yule nimeshausaini. Mama, inuka."

Shangazi akamtazama kuanzia viatu kupanda juu.

"Hiki kiti nimepewa na mwanangu," akasema. "Na hilo pigo mnalolicheza ni mguu wangu huu. Nimesimama miaka kumi na tisa. Leo siinuki."

Hakupaza sauti, hakuwa na haja. Kipaza sauti cha Chiriku kilikuwa shubiri mbili kutoka mdomoni mwake, na kilikuwa wazi. Maneno yale yalitoka kwenye spika zote za uwanja, na kwenye kila redio iliyokuwa imefunguliwa nchi nzima alasiri ile.

Watu wakamtazama Shangazi, kisha wakalitazama bango lililokuwa nyuma yetu, kisha wakamtazama Siafu.

Meneja akaziba kipaza sauti kwa kiganja. Akasogea mpaka kwenye dramu, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu. "Sema mama amechanganyikiwa na jua. Sentensi moja. Ukisema hivyo, bwana wa hotelini anarudi kwao sasa hivi, na kiti ni chako mpaka utakapozeeka."

Siafu akaweka vijiti juu ya ngoma. Akaja mbele akichechemea, mguu wa kushoto unaburuta. Niliona anakitazama kile kiti, ule utepe mweusi aliofunga kwa mkono wake. Alikitazama kwa muda ambao sitausahau. Kisha akachomoa kipaza sauti kwenye stendi, akapiga goti kando ya Shangazi, akakisogeza mdomoni mwake.

"Shangazi," akasema, "waambie ulikuwa unasemaje ukifika ya nne."

Shangazi akatoa pumzi. Akashika goti lake.

Na mimi, mpiga besi ambaye hakuna anayenitazama, ndiye peke yangu niliyeona kwamba Meneja ameshashuka jukwaani, amepiga magoti kwenye vumbi chini ya ngazi, na mkono wake uko kwenye waya mkuu wa sauti.